Taarab Ndani ya Kompyuta: Chagua Chombo, Usichaguliwe

Kila mpenzi wa taarab za Mwambao anajua ya kwamba nusu ya utamu wa wimbo ni maneno yake. Mtunzi hukesha akipima mizani na kusaka vina, mwimbaji akayabeba maneno hayo, kisha udi, fidla na tashkota vikaja kuyapamba. Lakini ni mara ngapi, ndugu msomaji, tumesikiliza kanda ya harusi ambayo ngoma imeyameza maneno yote, tukabaki kuulizana, "Ati kasema nini huyu?" Mdundo umesikika, fumbo limezama. Kwetu sisi watunzi hiyo si hasara ndogo.

Sababu yake si fumbo. Kanda za namna hiyo zilinaswa kwa maikrofoni moja au mbili, watu wote wakipiga kwa pamoja. Ndivyo alivyorekodiwa Siti binti Saad alipopelekwa Bombay mwaka 1928: sauti zote ziliingia kwa mlango mmoja, na enzi hizo, zikishaingia, hakukuwa na wa kuzitenganisha. Ilikuwa kama sukari iliyokwisha koroga chaini.

Ufumbuzi ulikuja Marekani. Mpiga gitaa Les Paul alijishughulisha miaka mingi na kupandanisha sauti moja juu ya nyingine, na mwaka 1957 kampuni ya Ampex ilimkabidhi mashine ya utepe yenye njia nane. Maana ya njia ni hii: kila chombo hupewa mstari wake peke yake kwenye utepe, udi hapa, dumbaki pale, mwimbaji kule. Baadaye fundi hukaa akapandisha hiki na kushusha kile mpaka kila mtu apate haki yake. Mashine hizo zilikuwa na bei isiyosemeka. The Beatles wenyewe, pamoja na utajiri wao, waliirekodi sahani yao ya Sgt. Pepper mwaka 1967 kwa mashine za njia nne tu.

Leo kijana wa Majengo au Kibokoni mwenye kompyuta ya mkononi ana njia nyingi kuliko walizokuwa nazo wao. Kinachomkwaza si uchache wa vyombo, bali wingi wake. Nimekaa katika vyumba vingi vya kurekodia hapa Mombasa, nikiwa na daftari langu la mashairi mapajani, nikawasikia vijana wakibishana usiku kucha ni programu ipi iliyo bora, na udi haujafunguliwa mfukoni. Ndipo nikaona heri niyaandike haya.

MASWALI MANNE

Anayetaka kuchagua programu na ajiulize maswali manne.

La kwanza: je, kompyuta niliyo nayo itaibeba? Logic hukaa kwenye kompyuta za Apple tu. Cubase na Pro Tools hukaa kwenye Apple na Windows. Reaper hukaa kwenye zote mbili na hata kwenye Linux, na ni nyepesi mno, hivyo kompyuta kuukuu huiweza. Ardour nayo ni kipenzi cha watu wa Linux.

La pili: mfuko wangu unasemaje? Pro Tools, ambayo imo sokoni tangu 1991, siku hizi huuzwa zaidi kwa ada ya kila mwezi au kila mwaka. Reaper hukuruhusu kuijaribu siku 60, kisha mtu binafsi hulipa dola 60. GarageBand huja na kompyuta za Apple bila malipo, na Audacity, iliyotolewa mwaka 2000, ni bure kwa kila mtu. Kwa anayetaka kurekodi utenzi unaoghanwa na mtu mmoja, Audacity yatosha kabisa. Kwa kikundi cha watu kumi na njia kumi na mbili, mtu atafute chombo kipana zaidi. Ama ile tabia ya kutumia programu za wizi, mbali na kuwa ni wizi, hizo ndizo zinazoingiza virusi na kuangusha kompyuta katikati ya wimbo.

La tatu ndilo kubwa kwetu: je, chombo hiki kitauheshimu muziki wangu? Programu nyingi zimetengenezwa na watu waliozoea mizani ya Kizungu, yenye nota kumi na mbili zilizolingana. Taarab yetu imerithi maqamu za Kiarabu, na katika Rast na Bayati zimo sauti zinazokaa katikati ya nota mbili za kinanda. Mwaka 1997 alitokea Andy Hildebrand, mtu aliyewahi kufanya kazi ya kusoma mawimbi ya ardhini kutafuta mafuta, akatoa programu iitwayo Auto-Tune, ya kunyoosha sauti za waimbaji. Ukiifungulia mwimbaji wa Bayati bila ya kuipa maagizo mengine, itamvuta kila anapofika kwenye ile nota ya katikati na kumtupa juu au chini. Hapo itakuwa haikumsahihisha, imemkosesha. Basi zima kinyoosha sauti, au kama chombo chako kinakubali, kipe ngazi ya maqamu unayoimba.

Ndivyo ilivyo kwa saa ya mapigo. Programu ikifunguliwa huwa tayari imepanga mapigo 120 kwa dakika na kuchora gridi kama karatasi ya hesabu. Lakini udi unapofungua kwa taksimu haufuati saa. Hufuata pumzi ya mpigaji. Tuliofunzwa chuoni kuvuta na kukata sauti kwa vipimo vyake tunajua ya kuwa pumzi nayo ina hesabu yake, ijapokuwa haiandikwi kwa gridi. Basi izime hiyo saa na gridi wakati wa taksimu, uiwashe pale dumbaki inapoingia, ukitaka.

Swali la nne: je, nitaweza kuhama? Nitalirudia.

KUITUNZA KOMPYUTA

Ukishachagua, kazi imebaki nusu. Malalamiko ninayoyasikia zaidi ni mawili: sauti inachelewa, na sauti inakatika-katika kama mahindi yakikaangwa. Mengi ya hayo hutokana na bafa, yaani kihodhi kidogo ambamo kompyuta hukusanya sauti kabla ya kuishughulikia.

Sauti hugawanywa vipande, kwa kawaida 48,000 kila sekunde. Ukiweka bafa ya vipande 1,024, kila hodhi huchukua milisekunde 21 kujaa. Sauti hewani husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Kwa hiyo kuchelewa huko ni sawa na mwimbaji kujisikia kutoka mita saba mbali, na hapo hodhi la kutokea halijahesabiwa. Nani ataweza kuimba hivyo? Ukishusha bafa hadi 128, kuchelewa kwa hodhi moja hakufiki milisekunde tatu, lakini kompyuta hufanya kazi kwa haraka zaidi, na ikizidiwa ndipo sauti hukatika. Dawa ni kubadilisha kwa wakati wake: bafa ndogo mnaporekodi, bafa kubwa mnapochanganya. Na kama kisanduku chenu cha sauti kina njia ya kumrudishia mwimbaji sauti yake moja kwa moja bila kupitia kompyuta, kitumieni hicho, nanyi mtapumzika.

Kwenye Windows hakikisheni mnatumia draiva ya ASIO iliyokuja na kisanduku hicho. Fungeni intaneti na programu nyingine zote. Ondoeni ule mpango wa kuokoa umeme, maana huipunguza kasi kompyuta pale pale inapohitajika. Njia iliyokwisha pambwa kwa vikorombwezo vizito igandisheni, ili kompyuta isizirudie hesabu zake kila mara.

Nafasi nayo ipimwe mapema. Njia moja kwa vipande 48,000 vya biti 24 hula karibu megabaiti 8.6 kila dakika. Wimbo wa dakika saba wenye njia 12 hula zaidi ya megabaiti 720, na mkiurudia mara tatu mmepita gigabaiti mbili. Kwa hizo biti 24 hakuna haja ya kurekodi kwa kelele hadi taa nyekundu. Acheni nafasi ya kutosha juu, kwani sauti iliyopasuka haishoneki.

SWALI LA NNE

Sasa nilirudie. Kuna studio moja, sitaitaja, ambako miaka kadhaa nyuma mzee mmoja alipiga udi siku nzima kwa mashairi yangu matatu. Kila kitu kiliwekwa katika faili la programu waliyokuwa nayo. Mzee akafariki. Familia yake ilipotaka sauti ya udi peke yake, studio ilikuwa imebadilisha kompyuta na programu. Faili lilikuwapo, lakini hakuna cha kulifungua. Kilichopatikana ni ule wimbo uliochanganywa, na udi umejificha nyuma ya kinanda. Mwanawe wa kiume aliusikiliza mara moja, akaomba uzimwe.

Dawa yake ni kazi ya nusu saa. Wimbo ukimalizika, toa kila njia peke yake kama faili la WAV, zote zianzie sekunde ile ile ya mwanzo. WAV husomwa na takriban kila programu ya sauti. Ziandike majina: udi, fidla, sauti ya kwanza, waitikiaji. Weka nakala mbili katika diski mbili, na moja isilale nyumba moja na mwenzake. Programu isiyokuruhusu kutoa njia zako hivyo, hata ikiwa nzuri kama lulu, usiihamie.

Juma Bhalo alitutoka mwaka 2014, Zein l'Abdin mwaka 2016. Sauti zao tunazo kama zilivyonaswa. Waliopo leo wana bahati waliyoikosa wale. Tusiipoteze kwa kubishana juu ya majina ya programu. Kwa hayo nawaachia vijana beti moja:

Sauti ukiinasa, iandae kwa nidhamu,
Usiikaze kabisa, ikapoteza utamu,
Maneno yenye mkasa, yafike wazi yatimu,
Chombo kizuri ni hasa, kile unachokijua.