Ukiwa Ugenini, Usijisahau



Vijana wengi wa hapa Chumbageni wako nje ya nchi. Wengine wanasoma, wengine wanatunza wazee Ulaya, wengine wako kazini Uarabuni. Mama zao wakija kupima shinikizo la damu huniambia kwa fahari: "Mwanangu hapumziki, Sista. Akitoka kazini anakwenda kusaidia maskini." Nikisikia hivyo huingiwa na wasiwasi, maana mimi mwenyewe niliwahi kuwa hivyo.

Mwaka 2002 nilikwenda Ujerumani kwa miaka miwili, nikafanya kazi katika nyumba ya wazee. Kila Jumamosi nilijitolea kugawa supu kwa watu wasio na makao, na Jumapili nilikusanya nguo za kutuma nyumbani. Shuleni nilikuwa mkimbiaji, hata uwanja wa Mkwakwani nimekimbia. Kwenye kwaya niliimba sauti ya pili. Huko vyote viwili niliviacha. Nilijiuliza: nitakimbiaje barabarani na wenzangu wana njaa? Nitaimba na nani, na lugha yenyewe siijui? Barua za nyumbani nilizijibu kwa kutuma fedha, bila maneno.

Baada ya miezi minane nilikuwa silali vizuri, na hasira zilikuwa karibu. Asubuhi moja nilichukua sindano ya insulini ya mzee mmoja, nikaenda nayo kwenye kitanda cha mwingine asiye na kisukari. Mzee huyo alinishika mkono akauliza ni dawa ya nini. Nikashtuka. Kama angekuwa usingizini, sukari yake ingeshuka na angeweza kufa. Mimi niliyejiona mwenye huruma nilikaribia kuua. Siku hiyohiyo nilimweleza msimamizi wangu.

UCHOVU NA UPWEKE

Uchovu wa muda mrefu hupunguza umakini na uvumilivu. Upweke nao hudhuru mwili, si moyo tu. Mwezi Juni 2025 tume ya Shirika la Afya Duniani ilieleza kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba hali hiyo huongeza hatari ya kiharusi, maradhi ya moyo, kisukari na sonona. Anayegawa supu kwa watu mia anaweza kuwa mpweke, ikiwa hakuna hata mmoja anayejua jina lake.

JE, MBIO NA NYIMBO NI ANASA?

Hapana. Shirika hilo linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kama kutembea haraka, au dakika 75 za mazoezi makali, kama kukimbia. Mazoezi husaidia moyo, usingizi na akili. Kuimba hutufundisha kuvuta pumzi vizuri, na kwaya ina faida nyingine: ina siku yake na saa yake, na usipofika watu watauliza uko wapi.

Wanariadha wetu wametuonyesha njia. Suleiman Nyambui alisoma na kukimbia Texas, Marekani, akapata medali ya fedha ya mita 5000 Moscow mwaka 1980. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974, na baadaye yeye na mkewe wakaanzisha shule Kibaha. Hata mkimbiaji hodari huwa na siku ya kupumzika. Anayejitolea naye anaihitaji.

NILIVYOJIPANGA

Nilibakiza Jumamosi mbili za supu kwa mwezi. Jumanne na Ijumaa nilikimbia kando ya mto na mfanyakazi mwenzangu kutoka Kongo, tukiongea Kiswahili njia nzima. Alhamisi nilikwenda kwaya ya parokia, na huko ndiko nilikojifunza Kijerumani. Nilipopunguza, supu haikukosa wagawaji. Kumbe walikuwapo, ila mimi sikuwapa nafasi.

USHAURI KWA WALIO MBALI

1. Chagua kazi moja ya kujitolea na uipangie siku. Jifunze kusema, "Wiki hii siwezi."

2. Anza mbio polepole, ukichanganya na kutembea. Mwenye shinikizo la damu au maradhi ya moyo amwone daktari kwanza.

3. Tafuta angalau marafiki wawili: mmoja wa lugha yako, mmoja wa nchi uliyomo.

4. Lala saa saba au zaidi kwa siku. Ukikosa usingizi au furaha kwa zaidi ya wiki mbili, nenda hospitali. Si aibu.

5. Ukija likizo Tanga, usiseme malaria umeizoea. Aliyekaa miaka Ulaya kinga yake imepungua. Muulize daktari dawa ya kujikinga kabla ya safari, na ulale ndani ya chandarua.

Nanyi wazazi, mnapopigiwa simu, msiulize tu atatuma nini na lini. Muulizeni mtoto: "Jana ulikula na nani?" Akinyamaza, msikate simu haraka. Mama yangu aliniuliza hivyo siku chache baada ya ile sindano, nikalia, kisha nikamweleza yote. Kesho yake nilitafuta viatu vya kukimbilia.

Nawatakia afya njema.