Kitovu cha mtoto kikitokeza, weka sarafu kando

Mama wa Kasulu au Kibondo, mkoani Kigoma, akiona kitovu cha mtoto wake kinajaa kila anapolia, ushauri humfikia kabla hajauliza. Bibi ataleta sarafu na kitambaa cha kufungia. Shangazi atasema mkunga alikata kitovu vibaya. Jirani atamlaumu mama mwenyewe kwamba anamwacha mtoto alie mno. Wote wanamtakia mtoto heri, ila hapa wamekosea, na lawama hiyo mama hastahili hata kidogo.

Tundu la kitovu lilikuwepo tangu tumboni, likipitisha mishipa ya damu kati ya mtoto na kondo. Mimba ikifika wiki ya 6 hivi, utumbo unaokua kwa kasi hukosa nafasi, ukatokeza kwenye tundu hilo. Karibu na wiki ya 10 hurudi ndani. Baada ya kuzaliwa misuli hulifunga. Ikichelewa, utumbo au mafuta ya tumboni husukuma ngozi, na hiyo ndiyo ngiri ya kitovu. Kilio huidhihirisha tu, hakiileti. Mkasi wa mkunga nao hukata nje, haufiki kwenye misuli. Ngiri hii ni ya kawaida zaidi kwa watoto wa Kiafrika, na kwa njiti.

Nyingi hujifunga zenyewe kabla mtoto hajatimiza miaka 4 au 5. Sarafu haiharakishi chochote. Chini ya kitambaa kuna jasho na msuguano, ngozi ikachubuka, kidonda kikatunga usaha. Mtoto akifika miaka 5 na uvimbe bado upo, au kama tundu ni kubwa, daktari ataamua kuhusu upasuaji, ambao kwa kawaida ni mfupi.

Mara chache utumbo hunaswa. Uvimbe unakuwa mgumu, unauma, haurudi mtoto akilala. Ngozi inabadilika rangi, mtoto anatapika, tumbo linajaa. Hapo usisukume kwa nguvu, usimpe dawa ya mitishamba. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, iwe Kabanga ya Kasulu, hospitali ya wilaya au Maweni mjini Kigoma. Utumbo uliokosa damu huoza kwa saa, si kwa siku.

Kwa mtu mzima hesabu ni nyingine: ngiri ya kitovu haijifungi. Huwapata wanawake waliozaa mara nyingi, watu wanene, na wenye maji tumboni kwa ugonjwa wa ini. Wengi huificha chini ya kanga miaka na miaka, wakiendelea kujitwisha magunia ya muhogo, hadi siku inaponasa.

Lakini kinachoniumiza zaidi ni mtoto anayezaliwa utumbo ukiwa nje kabisa. Wapo ambao utumbo umefunikwa na utando, na wapo ambao uko wazi, umetokea kando ya kitovu. Hali hii ya pili madaktari huiita gastroskisisi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Lancet, uliofanyika katika hospitali 264 za nchi 74, ulikuta kwamba katika nchi maskini watoto 9 kati ya 10 wenye gastroskisisi walifariki. Katika nchi tajiri hawakufika 2 kati ya 100. Maumbile ni yale yale. Watoto hawa huuawa na baridi, upungufu wa maji, maambukizi, na kukosa lishe ya kwenye mshipa wakati utumbo haujaanza kazi.

Wapasuaji bingwa wa watoto wako hospitali kubwa kama Bugando ya Mwanza na Muhimbili ya Dar es Salaam, mbali sana na milima ya Buha, nchi ya Waha huku Kigoma. Kwa hiyo saa za mwanzo ziko mikononi mwa muuguzi wa zahanati: afunike utumbo kwa plastiki safi, asiurudishe ndani, amtie mtoto joto, asimnyonyeshe, aanzishe dripu, aite gari la wagonjwa. Kipimo cha ultrasaundi wakati wa ujauzito mara nyingi huionyesha hali hii mapema, na mama anaweza kupangiwa kujifungulia karibu na wapasuaji kabla uchungu haujaanza.