Ngoma, Kiti na Miguu: Somo la Madaraka Kutoka Bujora

Katika semina zetu za fasihi tumezoea kusema kwamba mapinduzi ni pale tabaka moja linapoondolewa madarakani na jingine likashika hatamu. Mimi mwenyewe niliandika hivyo kwenye mtihani. Makala haya yanaeleza kwa nini fasili hiyo hainitoshi tena.

Bujora iko karibu na Kisesa, kwenye barabara itokayo Mwanza kwenda Musoma. Hapo pana makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Jengo lake moja lina umbo la kiti cha mtemi, na ndani yake zimehifadhiwa ngoma za watemi. Mwanafunzi wa fasihi huitambua ishara mara moja: mwenye ngoma ndiye mwenye nchi.

Lakini mtemi hakuwa mungu. Alichaguliwa na wazee waitwao banang'oma, na mvua ikigoma aliweza kuondolewa. Breki hiyo ililegea Waingereza walipomfanya mtemi mtu wao wa kukusanya kodi na kupitisha amri. Hata TANU ilipigwa marufuku Usukuma kuanzia 1954 hadi 1958. Mwaka huo wa 1958 watu wa Geita waliandamana hadi Mwanza kulipinga baraza la rangi mchanganyiko wasilolitaka. Hawakuwa na ngoma wala kiti. Walikuwa na miguu.

Uhuru ukaja 1961, na mwaka 1963 utawala wa machifu ukafutwa kisheria. Kwa fasili ya darasani, kazi imekwisha: ngoma imebadili mpigaji. Sawa, lakini mchezaji je, alipata haki ya kukataa kucheza? Wafaransa walitangaza haki za binadamu mwaka uleule wa mapinduzi yao, 1789, ingawa tamko halikuzuia vichwa kukatwa. Katiba yetu ya Uhuru haikuwa na sura ya haki za raia. Haki hizo ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na watu wakaweza kuzidai mahakamani kuanzia 1988.

Katikati ya miaka hiyo ndipo ilipopita Operesheni Vijiji. Babu yangu mzaa mama alihamishwa 1974. Alirudi kutoka shamba akakuta nyumba imeezuliwa. "Walisema ni kwa faida yetu," huniambia. "Labda kweli, mjukuu wangu. Ila hakuna aliyetuuliza."

Baada ya kumsikiliza nikairudia Gamba la Nyoka (1979) ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, ng'ambo tu ya maji kutoka kwetu. Kumbe wanakijiji wanaogoma kuhama, ambao katika insha zetu tunawabandika jina la "wapinga maendeleo", wanauliza swali lilelile la babu. Tukiwaita hivyo bila kuwasikiliza, sisi wahakiki tumekwisha kuchukua upande wa mwenye ngoma.

Atakayesema namtamani mtemi arudi hajanielewa. Banang'oma walikuwa wachache. Sauti ya mwanamke au mgeni haikufika kwao. Utawala ule ulikuwa na namna ya kumwondoa mkubwa, haukuwa na namna ya kumlinda mdogo. Uliofuata uliahidi kumlinda mdogo, ukachelewa.

Kila mwezi Juni, katika sikukuu ya Bulabo, vikundi vya Bagika na Bagalu hucheza kwa wakati mmoja. Mshindi ni yule anayevuta watu wengi. Mtazamaji akichoshwa huku, huhamia kule, wala haombi kibali. Babu alinipeleka kutazama nikiwa mdogo, na katika maisha yangu sijaona somo la siasa lililo wazi kuliko lile.

Basi, ndugu wasomaji, tukihakiki kazi yoyote ya mapinduzi, tusiishie kuuliza nani kakalia kiti. Tuulize pia nani anaruhusiwa kuondoka uwanjani kwa miguu yake mwenyewe. Wenye hoja tofauti nawakaribisha.