Nyeri Inahitaji Mahali pa Kuketi Bure

Miji ya Mlima Kenya haina uhaba wa kijani. Nyeri iko kati ya mlima wenyewe na safu ya Aberdare, kote kukiwa na mbuga za taifa. Kilima cha Nyeri kina msitu wake, na mto Chania unapita karibu na mji. Ndiyo maana anayedai bustani ya umma katikati ya mji huonekana kama mtu anayeomba maji akiwa ziwani. Lakini anachodai si miti. Anadai mahali ambapo watu wasiojuana wanaweza kuketi karibu karibu bila kununua kitu, bila kualikwa na bila kuulizwa wametoka wapi. Mbuga ya taifa ina lango, ada na saa ya kufungwa. Hakuna anayekwenda huko kupiga gumzo na jirani. Na kuanzia Karatina hadi Nanyuki, kuanzia Kerugoya hadi Chuka, sehemu za kuketi bure ni chache mno.

Uchache huo una chanzo chake. Wazee wa Agikuyu walikuwa na ihaaro, viwanja vya ngoma na mikutano ambavyo havikuwa shamba la mtu mmoja. Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni Oktoba 1952 iligeuza mikusanyiko kuwa kosa, na kuanzia 1954 watu zaidi ya milioni moja wa Mkoa wa Kati, Embu na Meru waliswagwa hadi vijiji vilivyozungushiwa mitaro na kulindwa kwa bunduki. Mwaka huohuo ukaja Mpango wa Swynnerton: vipande vya mashamba vikaunganishwa, vikapimwa na kupewa hati. Kwa kilimo cha kahawa na chai mpango ule ulileta fedha, hilo halina ubishi. Ila ardhi ilipopata wenyewe hadi inchi ya mwisho, ya wote ikabaki ile chache iliyotengewa shule, soko, kanisa na kiwanja. Hata hiyo haikusalimika. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyotoa ripoti yake mwaka 2004, ilionyesha jinsi ardhi ya umma kote nchini, zikiwemo bustani, viwanja vya michezo na hata vyoo vya umma, ilivyogawiwa watu binafsi. Mji ukipoteza hiyo, hakuna nyingine ya kurudishiwa.

Wapo watakaosema hatuhitaji bustani ili tujuane, kwa kuwa tuna makanisa, vyama vya akina mama, baa na steji za matatu. Ni kweli, na vyama hivyo vimesomesha watoto wengi kuliko serikali inavyopenda kukiri. Lakini kila kimoja hukusanya watu ambao tayari wana jambo moja. Kanisa lina waumini wake, chama kina mchango wake wa kila mwezi, na baa humtaka mtu afungue mfuko. Muumini wa Kanisa Kuu la Consolata na Mwislamu wa Majengo, mstaafu aliyeachwa nyumbani peke yake na watoto waliohamia Nairobi, mwanafunzi aliyetoka darasani jana, wote hupishana barabarani tu. Nanyuki, ambako Mkikuyu, Mmeru, Mmaasai, Mturkana na Msomali wanagawana mji mmoja, pengo hilo ni kubwa zaidi, na wakati wa uchaguzi huwa na gharama.

Ushahidi kwamba mahali penyewe hubadilisha watu si wa kubahatisha. Mwaka 1998 Frances Kuo na William Sullivan wa Chuo Kikuu cha Illinois, pamoja na wenzao, walichapisha utafiti kuhusu majumba ya serikali ya Robert Taylor Homes mjini Chicago. Majengo yalifanana, mengine yalikuwa na miti na nyasi mlangoni, mengine saruji na vumbi. Wapangaji walikuwa maskini wale wale, na hawakuwa na nafasi kubwa ya kuchagua jengo, kwa hiyo ni vigumu kudai kwamba watu wachangamfu ndio waliokimbilia penye miti. Hata hivyo waliokaa penye miti waliitumia zaidi sehemu ya wote, walifahamiana zaidi na majirani na walijihisi salama zaidi. Huku kwetu mfano ni Bustani ya Jeevanjee jijini Nairobi, ambayo A. M. Jeevanjee aliwapa wakazi mwaka 1906. Ndani yake jukwaa la raia liitwalo Bunge la Mwananchi hujadili nchi bila kadi ya uanachama. Na ilipotakiwa kujengwa jumba la ghorofa 60 katika Uhuru Park mwaka 1989, aliyesimama mbele kupinga alikuwa binti wa Ihithe, Nyeri: Wangari Maathai. Alitukanwa hadharani, jumba halikujengwa, na mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa wakapata humo pa kuketi na kudai wana wao.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni usalama. Bustani, wanasema wafanyabiashara, hugeuka maskani ya vibaka na walevi. Hugeuka kweli, pale inapoachwa bila taa, choo wala mtunzaji, kwa sababu mama mwenye mtoto huondoka kwanza na mhalifu hubaki. Msitu wa Karura jijini Nairobi uliogopwa kwa ujambazi kwa miaka mingi. Ulipozungushiwa uzio na kulindwa na askari waliotoka katika jamii za jirani, familia zikarudi. Kasoro ya Karura ni kiingilio, na hapo Nyeri isiige. Ama wachuuzi, hao si maadui wa bustani: muuza mahindi choma langoni ni jicho la ulinzi lisilolipwa mshahara. Apangiwe nafasi, asifukuzwe.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la bustani na sehemu za burudani, kwa hiyo Nyeri, Kirinyaga, Embu, Meru, Laikipia, Murang'a na Tharaka Nithi haziwezi kuisingizia Nairobi. Kazi ya kwanza si kupanda maua, ni kuisajili bustani ya Whispers Park mjini Nyeri na kila kiwanja kilichobaki kuwa ardhi ya umma yenye hati, kabla mtu hajazuka na hati yake. Ya pili ni fungu la kudumu la choo, taa, benchi na mtunzaji. Sheria inataka makadirio ya bajeti yafikishwe kwenye bunge la kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka, na wananchi wasikilizwe kabla hayajapitishwa. Nenda kwenye kikao cha kuwasikiliza wananchi, ukamuulize mwakilishi wa wadi yako bustani imetengewa shilingi ngapi.