Mwalimu Aliyetanguliwa na Mabingwa

Imepokewa katika hadithi kuwa Mtume wetu (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe, Bibi Aisha. Mara ya kwanza bibi alimtangulia. Baadaye Mtume akamtangulia yeye. Mbio basi si upuuzi, wala kutanguliwa si fedheha. Leo twapenda kuwasimulia wazazi wenzetu habari za mtu aliyetanguliwa mara nyingi, na asivunjike moyo.

Edvin Wide alizaliwa Kimito, nchini Ufini, mwaka 1896, akahamia Uswidi mwaka 1918. Kazi yake ilikuwa kusomesha watoto skuli. Mbio hazikuwa riziki yake. Alikimbia masafa marefu katika zama za Wafini wawili wasio na kifani, Paavo Nurmi na Ville Ritola.

Katika Olimpiki ya Paris, mwaka 1924, Wide alikuwa wa pili katika mita 10,000, nyuma ya Ritola kwa zaidi ya nusu dakika. Katika mita 5,000 alitanguliwa na wote wawili.

Hakuacha. Mwezi wa Septemba 1926, mjini Berlin, alimshinda Nurmi katika mbio za maili 2, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 9, sekunde 1 na nukta 4. Angeweza kustaafu na sifa hiyo. Lakini mwaka 1928 alikwenda Amsterdam kukutana tena na Wafini wale wale, katika mita 5,000 na mita 10,000, na mara zote mbili akawa wa tatu. Tukiongeza shaba aliyoipata pamoja na wenziwe wa Uswidi huko Antwerp mwaka 1920, medali zake za Olimpiki ni 5: fedha 1, shaba 4, dhahabu hata moja. Alifariki mwaka 1996, akiwa na umri wa miaka 100.

Twaona majumbani mwetu mtoto akirudi na nafasi ya tatu, iwe ni mtihani wa skuli au mashindano ya kuhifadhi Qur'ani, na suali la kwanza analoulizwa ni: nani aliyekushinda? Suali hilo humfunza kuwachukia wenziwe na kuidharau juhudi yake. Na tumuulize kwanza alivyojitahidi, kisha tumpe mkono wa pongezi. Juhudi ni ya mja; nafasi huipanga Mola.

Wabillahi tawfiq.