Kukaa Kando ya Mto Morogoro

Watu wa Pwani wanaopanda Morogoro hupenda kuutaja mji huo kwa lakabu yake ya siku nyingi, mji kasoro bahari, yaani mji uliojaaliwa kila neema ila maji ya chumvi. Mimi niliyepata kukaa miaka kadhaa katika mtaa mmoja wa zamani, upande ule wa mji unaoinuka taratibu kuelekea milimani, katika nyumba ambayo ua wake wa nyuma uliteremka mpaka karibu na ukingo wa Mto Morogoro, nathubutu kusema kwamba kasoro hiyo sikuiona, kwa kuwa aliyezoea kulala akisikia mto ule ukipita baina ya mawe yake haimjii fikra ya bahari. Lakini kukaa kando ya mto kuna ilimu yake, na ilimu hiyo haiandikwi katika hati ya kiwanja. Nilifundishwa na majirani, na baadhi yake nilifundishwa na mto wenyewe, usiku, bila ya kutaka.

Kwanza yafaa msomaji ajue mto huu watoka wapi. Mji wa Morogoro umekaa kwenye kimo cha mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na nyuma yake Milima ya Uluguru imesimama kama ukuta: kilele cha Bondwa, chenye milingoti ya mitambo ya mawasiliano inayoonekana toka sokoni, kinapita mita 2,100, Lupanga ni mwenzake wa karibu, na kusini zaidi, mbali na macho ya watu wa mjini, kiko Kimhandu kinachopita mita 2,600. Mto Morogoro huanza katika msitu ulio chini ya Bondwa, ukashuka kupita Morningside, ilipo nyumba ya mawe iliyojengwa na Wajerumani, ukapita baina ya mashamba ya Waluguru yaliyoning'inia katika miteremko, kisha ukaingia mjini. Safari yote hiyo ni ya kilomita chache tu, na katika kilomita hizo chache maji huporomoka zaidi ya mita 1,000. Humo ndimo ilimo sababu ya wema wa mto na sababu ya ghadhabu yake. Kwa kuwa njia ni fupi, maji hutufikia baridi na maangavu, hayakupata muda wa kuchoka wala kuchafuka. Na kwa kuwa njia ni fupi vilevile, mvua ikimwagika kule juu, habari zake hutufikia sisi wa chini kabla hatujawahi kuuliza.

Mitaa ya upande huo, kama Boma, Forest na Kilakala, ni ya watu waliotangulia. Reli ya Kati ilipofika Morogoro mwaka 1907 ikitokea Dar es Salaam, watawala wa Kijerumani waliwaachia wafanya biashara bonde na stesheni, na wao wenyewe wakapanda kwenye mteremko ambako upepo wa mlima hushuka kila jioni. Waingereza walipoushika mji mwezi wa Agosti 1916 walizikuta nyumba, bustani na njia zenye miti, nao wakaongeza zao. Na baada ya uhuru wakaingia watumishi wa Serikali na walimu, ambao wengi wao walikuja kwa uhamisho wa kazi na hawakuondoka tena. Ndiyo maana katika mitaa hiyo viwanja ni vipana, miembe ni minene kiasi cha watu wawili kushikana mikono wakiizunguka, na nyumba za zamani, jambo ambalo mgeni halioni upesi, zimekaa mbali na mto. Kati ya ukuta wa nyumba na maji pana majani, migomba, pengine kichaka cha mianzi, na hapana kingine. Nilipohamia niliiona ardhi ile kuwa imepotea bure. Niliwaza kujenga banda.

Maisha ya kila siku huko yana raha ambayo sitaki kuisifu kupita kiasi, kwa kuwa sifa nyingi hushusha hadhi ya kitu chema. Alfajiri, baada ya adhana na kabla ya magari, husikiwa nyayo za akina mama wanaoshuka kutoka vijiji vya mlimani, mmoja nyuma ya mwingine katika njia nyembamba, matenga kichwani, wakipeleka Soko Kuu ndizi, njegere, karoti na kabichi. Wanatembea upesi bila kukimbia, shingo zimenyooka, na wanazungumza Kiluguru kwa sauti ya chini mpaka wafikapo kwenye nyumba, ndipo hugeuza kwa Kiswahili. Bibi mmoja alizoea kutua tenga lake katika kibaraza changu apate kupumua. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mjukuu wangu. Mto wako leo una baridi, umeoga?" Nami nilikuwa nikinunua kwake fungu la njegere kwa bei ya mlimani, si ya sokoni, na kwa fungu lile nikapata darasa refu la mambo ya maji. Yeye ndiye aliyeniambia nitazame rangi ya mto kila asubuhi kama mtu atazamavyo uso wa mgonjwa: ukiwa mweupe, salama, ukiwa rangi ya chai ya maziwa, wamelima karibu na ukingo, ukiwa mwekundu, mlima unashuka.

Ya ghasia pia yasifichwe. Mbu wapo, na asiyelala ndani ya chandarua atajuta. Unyevu hupanda kutani mpaka rangi ikabambuka, vitabu hushika kuvu mwezi wa Aprili, na nyoka huipenda migomba kama tuipendavyo sisi. Haya yote yana dawa. Lisilo na dawa ni kujenga mahali pasipojengwa.

Usiku mmoja wa masika, mvua haikunyesha mtaani kwetu hata tone. Nyota zilikuwa wazi juu ya mji. Lakini mlimani wingu lilikuwa limekaa toka alasiri, jeusi, halisogei, Lupanga hauonekani. Mgeni asingelijali, maana mvua za mjini kwa mwaka kwa kawaida hazifiki milimita 1,000, ilhali kule juu, hasa upande wa mashariki unaopokea upepo wa bahari, huzidi 2,000 na pengine zaidi sana. Yaani mto wetu hunywa mvua ambayo sisi hatuioni. Yapata saa sita nikasikia mlango unagongwa. Alikuwa mzee jirani yangu, amejifunga shuka, taa mkononi. "Amka, mwanangu. Mto umeanza kusema kwa mawe." Nikatega sikio. Ule mlio mwembamba niliouzoea ulikuwa umegeuka kuwa mzito, na ndani yake mlisikika mgongano mkubwa usiokoma, kama magunia ya nazi yanayobwagwa moja baada ya jingine katika sakafu ya ghala: ni mawe yaliyokuwa yakivingirishwa chini ya maji. "Ukisema kwa maji, lala," mzee akaniambia, "ukisema kwa mawe, toa vitu." Tukakaa kibarazani mpaka kukapambazuka. Maji yalipanda, yakaifunika migomba, yakafika hatua saba kutoka ukuta wa jiko, yakasimama hapo kitambo, kisha yakaanza kurudi. Asubuhi tuliona ua wa matofali wa nyumba moja mpya iliyokuwa chini yetu umekwenda wote, na pale ulipokuwa limelala gogo la mti wa msituni, limechubuka magome, linanuka udongo wa juu. Shukrani kwa Mola, hapana mtu aliyedhurika. Tangu siku ile sikuiita tena ardhi ile kuwa imepotea bure, na banda sikulijenga.

Mzee hakuwa mbashiri. Alikuwa mtu aliyerithi kumbukumbu. Mji huu umepata kupigwa na maji tangu kabla haujawa na jina la Morogoro. Katika karne ya kumi na tisa Kisabengo, Mzigua aliyejitwalia utawala wa bonde hili, alijenga hapa mji wenye ngome, ukaitwa Simbamwene, jina aliloitwa pia binti yake aliyetawala baada yake. Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1871 akienda kumtafuta Livingstone, alistaajabia kuta zake, minara ya mawe katika pembe nne, na malango ya mbao ngumu yaliyonakshiwa kwa ufundi wa Kiarabu. Mwaka uliofuata, 1872, mwezi ule ule wa Aprili ambao tufani iliangusha mikarafuu ya Unguja, naye alikuwa akirudi Pwani, alikuta bonde la Ngerengere limefagiliwa: ukuta wote wa mbele wa Simbamwene umechukuliwa na maji pamoja na nyumba zipatazo 50, na vijiji vya Waluguru katika miteremko navyo vimepata msiba wake. Ngome iliyojengwa kuzuia majeshi haikuweza kuuzuia mto kwa usiku mmoja. Nami nadhani watu waliojenga baadaye mbali na kingo hawakufanya hivyo kwa kupenda bustani tu.

Leo sheria inasema waziwazi yale ambayo wazee walikuwa wakiyafuata kwa desturi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita 60 ni nyingi kwa mtu aliyenunua kiwanja kwa jasho lake, nami nimewaona watu wakisimama mbele ya nyumba zilizopigwa alama nyekundu ya X, nyuso zimewapauka, wakiuliza kwa nini hawakuambiwa siku ile walipokuwa wakitoa fedha. Nawahurumia kwa dhati. Aliyewauzia alijua, na pengine hata aliyeandika mkataba alijua. Lakini huruma yangu hainifanyi niseme kwamba mita zile ni dhuluma, maana ni mita za mto tangu azali, nasi ndio tulioingia.

Tena tumejizoeza sisi wa mjini kuwalaumu watu wa mlimani kwa kila tone la matope: wanalima ukingoni, wanachoma moto, wanakata miti. Yapo yaliyo kweli, lakini lawama hii ni kongwe na imekwisha kufanya madhara. Serikali ya Kiingereza katika miaka ya 1950, kwa hofu hiyo hiyo ya udongo kushuka mitoni, iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani. Kazi ilikuwa ya sulubu, mara nyingi matuta yaliutoa juu udongo usiozaa, na mwaka 1955 watu wa upande wa Matombo wakakataa kata kata, zikazuka ghasia, na mpango ukafa. Amri isiyoshauriana na mlimaji haikuulinda mto. Kilichobaki kikiulinda zaidi ni msitu wenyewe, ambao tangu mwaka 2008 umewekwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, na ambao huinyonya mvua kama sifongo na kuiachia kidogo kidogo hata mwezi wa Septemba, wakati majani ya bondeni yamekuwa makavu na mto bado unapita. Na sisi wa chini je? Tunachota mchanga wa kujengea katika kitanda cha mto mpaka kingo zikabomoka, tunatupa taka nyuma ya nyumba kwa imani kwamba mvua itazichukua, na kweli huzichukua. Yule bibi wa njegere aliwahi kusimama ukingoni kwangu akitazama mifuko iliyonasa katika mizizi ya mwembe, asiseme neno, kisha akajitwika tenga lake akaenda zake. Niliona haya kuliko kama angenisuta. Nilitwaa jembe na gunia siku ile ile.

Mto ukishatoka kwetu hukutana na Ngerengere, na Ngerengere hujimwaga Ruvu, na Ruvu ndio unaonywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Kwa hiyo kilichoachiwa nyuma ya nyumba moja iliyopo Kilakala kimeelekea katika birika la mtu asiyetujua.

Ewe unayetamani kiwanja kando ya mto huu, na sikulaumu kwa kutamani, usije kukitazama Oktoba, maji yakiwa hafifu na dalali akikuonyesha kivuli cha mwembe. Njoo mwezi wa Aprili, asubuhi, baada ya wingu kulala mlimani. Mtafute mtu mzima wa mtaa, mwamkie, kaa naye, umwombe akuonyeshe mti au jiwe ambako maji yalifika katika masika makubwa aliyoyaona yeye na yale aliyoambiwa na babaye. Kisha pima mita zako kutoka ukingoni, jenga upande wa juu, na sehemu ya chini panda mianzi na migomba uiache. Jirani yangu yule alinionyesha alama yake katika shina la mwembe, kovu lililo usawa wa kifua cha mtu mzima, na mwembe ule uko ndani ya ua wangu.