Simbiliki anakula bustani, lakini sumu hapana

Wandugu wa Kolwezi na Likasi, mshahara ukichelewa, ni bustani ndiyo inaleta sombe na mahindi nyumbani. Simbiliki naye anaijua njia. Anatoka usiku kwenye matete ya mtoni, anakata mahindi chini kabisa, anakula kidogo, mengine anaacha yaoze. Ukiona shina limekatwa kwa upande kama kwa kisu, ni yeye.

Wengine wanatega sumu. Hapana! Nyama yake inapendwa: atafia mbali, mtu atamwokota, watoto watamla.

Fyeka majani marefu kuzunguka bustani. Mahali peupe anaogopa kupita. Halafu simamisha mabati ya zamani, yafukie chini kidogo. Jirani naye afyeke, la sivyo simbiliki atajificha kwake na kurudi usiku.